Mbwa mkubwa mwoga anayekojoa ndani: mtoe hofu kwanza, choo kitafuata

Naandika hii kwa yeyote aliyechukua mbwa ambaye tayari ni mkubwa, ana miaka mitatu minne huko, labda mwenyewe wa kwanza kahama akamuacha, au ulimuokota barabarani, sasa umemuingiza ndani na kila siku unadeki. Anajificha chini ya meza, ukimuita anajilaza chali anakojoa hapohapo, ukitoka kwenda dukani ukirudi unakuta kajisaidia mlangoni na mlango kaukwangua mpaka rangi imetoka. Afu watu wanakwambia mbwa mkubwa hafundishiki, huyo anakufanyia makusudi, mchape, msugue pua kwenye mkojo wake atashika adabu. Naomba usifanye hata kimoja kati ya hivyo. Mbwa mkubwa anafundishika vizuri tu, tena kibofu chake kina nguvu kuliko cha kitoto, ila kama ana hofu kali huwezi kumfundisha choo peke yake ukaiacha hofu pembeni, maana mara nyingi hivyo viwili ni ugonjwa mmoja.

Fikiria anachojifunza mbwa unapomchapa kwa mkojo ulioukuta. Yeye anaunganisha jambo na matokeo yake ndani ya sekunde chache tu, ukija baada ya nusu saa hajui unamchapia nini, anachojua ni kwamba mkojo ukiwa chini na wewe ukiwepo kuna hatari. Kwahiyo anaanza kukojoa nyuma ya kochi usikoona, na ukimtoa nje anakataa kabisa kukojoa mbele yako, anabana mpaka mrudi ndani uangalie pembeni. Na ile sura ya kuinamisha kichwa na kukwepa macho ambayo watu wanasema "anajua kosa lake", hapana, hiyo ni sura ya mbwa anayeogopa uso wako.

Kabla ya yote nenda kwa daktari wa mifugo. Sisemi hivi kama desturi, nasema kwa sababu unaweza kufundisha miezi yote kumbe mbwa ana UTI na kila akikojoa anaumia. Kisukari na figo vinamfanya anywe maji mengi na kukojoa kila saa. Jike aliyefungwa kizazi anaweza kuvuja mkojo akiwa usingizini, unakuta alipolala pamelowa na yeye mwenyewe hana habari, na hiyo ina dawa. Minyoo inaharibu choo kikubwa. Magonjwa ya kupe, ambayo huku kwetu yapo mengi, yanamfanya mnyonge na mwenye maumivu, na mbwa mwenye maumivu anakuwa na wasiwasi zaidi. Kinga mkojo wa asubuhi kwenye chombo kisafi, chukua upawa ambao hutaupikia tena, usogeze taratibu akishaanza kukojoa, upeleke ndani ya saa moja au mbili. Kama mtaani kwenu hamna daktari anayepima mbwa zaidi ya kuchoma sindano, Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wana hospitali ya wanyama, na wa Nairobi wanayo kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Hapohapo hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na muda, mbwa mwoga ndo mwepesi kung'ata, na aking'ata mtu osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima afu hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo.

Akishaonekana mzima, sasa angalia anakojoa WAKATI GANI na WAPI, hapo ndo jibu lilipo. Chukua wiki moja uandike kwenye simu kila tukio, saa ngapi, sehemu gani, nani alikuwepo, nini kilitokea kabla. Ukiona anakojoa kidogo mtu anapomuinamia, anapoingia mwanaume, mnapogombana kwa sauti, huo ni mkojo wa woga, hana uwezo wa kuuzuia, ni namna ya mbwa kusema "usinidhuru". Ukiona ni dimbwi kubwa au choo kikubwa kila mkitoka tu wote, na camera ya simu ukiiacha inarekodi unamuona anazunguka, analia, anahema ulimi nje bila joto, huyo anaogopa kuachwa peke yake. Ukiona dume anainua mguu anapiga matone kwenye pembe za ukuta na miguu ya viti, huyo anaweka alama, kumuhasi mara nyingi kunapunguza. Na ukiona anaenda kwa utulivu kabisa kwenye kona fulani anamaliza haja zake anarudi kulala, huyo hakuwahi kufundishwa, kwake hapo ndo chooni.

Hili la mwisho nataka nilikalie kidogo kwa sababu ni letu kabisa. Mbwa wengi mijini kwetu wanakua bandani, anafungiwa mchana kutwa kwenye banda la sakafu ya simenti, usiku anafunguliwa alinde. Kule bandani anakula, analala na kujisaidia sehemu ileile. Mbwa anajifunza akiwa mdogo sana, wiki ya nane au ya tisa hivi, kwamba choo kinakuwaje chini ya miguu yake, majani, mchanga au simenti, na hiyo inabaki. Sasa unamtoa kwenye simenti unamleta kwenye nyumba ya marumaru, ugumu uleule, ubaridi uleule, unategemea ajue vipi kwamba hapa ni sebuleni? Na pia yule hakuwahi kukutana na watu wengi, watoto, feni, TV, kelele za jikoni katika ule umri mfupi ambao akili ya kitoto cha mbwa iko wazi kuzoea vitu, yani kuanzia wiki ya tatu mpaka ya kumi na mbili au kumi na nne. Ndo maana hofu na choo kibovu vinakuja pamoja kwa mbwa wa banda. Sio mjinga na sio mkaidi.

Sasa tuanze kazi.

Siku za mwanzo mpe kona yake. Chumba kimoja kidogo au pembe ya sebule isiyo njia, godoro kuukuu, maji, kitu cha kumfunika juu kama meza yenye shuka ili awe na pa kuingia kujificha. Hapo mtu yeyote asimfuate, hata watoto, hata wewe. Akitaka kutoka atatoka mwenyewe. Wanaopokea mbwa wa kuokolewa wana kanuni yao ya makadirio, siku tatu aache kutetemeka, wiki tatu ashike ratiba ya nyumba, miezi mitatu aanze kujiona yuko kwao, na mwenye hofu kali anaweza kuchukua zaidi ya hapo sana. Kwahiyo wiki ya kwanza usimuite mgeni kuja kumuona, usimuogeshe, usimpeleke sokoni eti azoee.

Kama kwenu mnatumia kreti au kizimba, uwe mwangalifu. Kwa mbwa aliyezoea kinasaidia, ila yule aliyekulia bandani au anayeogopa kuachwa ukimfungia atajaribu kutoka kwa meno na kucha mpaka avunje. Bora kigeti kifupi cha mlangoni anachoweza kuonea upande wa pili.

Namna ya kumsogelea kwa mbwa anayekojoa kwa woga: usimwendee uso kwa uso, usimuangalie machoni, usimuinamie, usipeleke mkono juu ya kichwa. Kaa chini au chuchumaa ukiwa umempa ubavu, mkono chini, kipande cha ini la kuku kidogo kama ukucha kiache sakafuni, endelea na simu yako. Akija, mkune kifuani au chini ya kidevu, sekunde chache, acha, uone kama anaomba tena. Ukirudi nyumbani usimsalimie kabisa pale mlangoni, pita, nenda moja kwa moja uani, akufuate, akojoe huko, ndo mnasalimiana. Na akikojoa wakati wa salamu usigune hata kidogo, ondoka, rudi baadae na dekio. Kila mtu wa nyumbani ajue hili, dada wa kazi, mlinzi, shemeji anayekuja wikiendi, maana mtu mmoja tu anayepiga kelele "toka hapa!" anabomoa kazi ya wiki nzima. Mfundishe kila mtu dalili za mwanzo: analamba midomo wakati hamna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, masikio nyuma, mkia katikati ya miguu, weupe wa jicho unaonekana. Akionyesha hizo mtu asimame alipo au arudi nyuma.

Choo chenyewe. Mpangie kama hajui kitu, hata kama ana miaka sita. Akiamka tu nje. Akimaliza kula, dakika kumi mpaka thelathini, nje. Baada ya kucheza, nje. Kabla ya kulala, nje. Katikati ya hapo kila baada ya masaa mawili mchana, afu ukiona wiki mbili zimepita hamna ajali ongeza muda kidogo kidogo, mbwa mkubwa mzima anaweza kufika masaa sita mpaka nane. Mfunge kamba ndefu na mkanda wa kifuani, sio wa shingoni, nenda nae mwenyewe sehemu ileile, simama kimya. Akianza sema neno lako moja la siku zote, "kojoa", kwa sauti ya chini. Akimaliza TU, palepale alipo, mpe ini. Ukisubiri mpaka mlangoni umemlipa kwa kurudi ndani, hujamlipa kwa kukojoa. Na usimrudishe ndani sekunde hiyohiyo, muache anuse nuse dakika tano, kwa sababu ukimrudisha kila akikojoa anajifunza kwamba mkojo unamaliza raha ya nje na ataanza kuubana.

Ila sasa, mbwa mwoga mara nyingi nje ndo kunamtisha zaidi kuliko ndani. Bodaboda zinapita, jirani anachomelea geti, watoto wanapiga mpira ukutani. Mbwa mwenye hofu hakojoi, mwili unabana, mnakaa nje dakika ishirini hamna kitu, mnaingia ndani anapumua, anakojoa kwenye kapeti, na wewe unaona dharau. Kumbe ndani ndo amejisikia salama. Dawa yake ni kuchagua saa na mahali: alfajiri kabla mtaa haujaamka, usiku ukitulia, kona ya uani yenye ukuta pande mbili na kichaka kidogo. Kipande cha gazeti au tambara lenye mkojo wake kipeleke pale kona, harufu itamwambia hapa ni chooni. Kama anakataa majani kwa sababu alikulia simenti, anza na pale pa simenti nje, afu mwaga mchanga kidogo juu, kila siku ongeza, mpaka anakojoa kwenye mchanga. Mnaokaa ghorofani, beseni pana la mchanga au bonge la ukoka kwenye baraza linafanya kazi hiyohiyo mpaka awe na ujasiri wa kushuka ngazi. Na kama mnaishi kiwanja kimoja na Waislamu, kona ya choo cha mbwa isiwe njia wanayopitia kwenda kutawadha wala pale wanapoanika nguo, panga hili mapema, ugomvi wa majirani unaishia kwa mbwa kufukuzwa.

Asiyetazamwa asizurure nyumba nzima. Ukiwa unapika mfunge kamba kiunoni kwako, ukimuona anazunguka ananusa chini toka nae. Ukimkuta katikati ya kukojoa sema tu "twende" kwa sauti ya kawaida, toka nae amalizie nje, mlipe. Ukikuta dimbwi limeshapoa, futa, hamna la kusema. Chakula mpe saa maalum, asubuhi na jioni, baada ya dakika ishirini toa bakuli, tumbo litashika ratiba na utajua choo kikubwa kinakuja saa ngapi. Maji usimnyime, kwa joto la Dar ni hatari na mkojo mzito unamuumiza kibofu.

Kusafisha ni nusu ya kazi na watu wanapuuza. Pua yake inasikia ambacho yako haisikii, kama harufu imebaki hapo ndo choo. Kausha kwanza kwa tambara au magazeti ukibonyeza, sio kusugua, maji baridi, afu sabuni yenye vimeng'enya (enzymes) kwa ajili ya mikojo ya wanyama, maduka makubwa ya vifaa vya mbwa na paka huwa nayo, iache ikae kadiri walivyoandika kwenye chupa. Ukikosa, siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, ikikauka nyunyiza baking soda, ifagie kesho yake. Siki isiguse jiwe la asili au terazo, inakula mng'ao. Dawa za kusafishia zenye amonia acha kabisa, zinafanana na harufu ya mkojo. Jik nayo haivunji mkojo, ikikutana nao inatoa hewa ya kuwasha mapafu, na Jik ukiichanganya na siki inatoka gesi ya klorini, usithubutu kabisa, hata sio kwa ajili ya mbwa bali watu wa ndani.

Anayeogopa kuachwa. Huyu choo chake hakitarekebika kwa ratiba, kwa sababu hakojoi kwa kujaa, anakojoa kwa taharuki. Hofu yake huanza kabla hujatoka, ukishika funguo tu, ukivaa viatu tu. Kwahiyo shika funguo kaa chini uangalie TV. Vaa viatu nenda jikoni. Mara nyingi kwa siku, mpaka funguo zisimaanishe kitu. Afu nenda mlangoni rudi. Fungua mlango funga rudi. Toka sekunde tano rudi, kabla hajaanza kuhangaika. Sekunde kumi, thelathini, dakika, rudi nyuma kwenye tano, changanya changanya asijue. Camera ya simu iwe inakuonyesha, ukiona ameanza kuhema umeenda mbali, kesho punguza. Ni kazi ya kuchosha, nakubali, na kikwazo kikubwa ni kwamba katika wiki hizo hatakiwi kuachwa mpaka afike kwenye taharuki, kwa sababu kila taharuki inarudisha nyuma ulichojenga. Pangeni zamu nyumbani, mpeleke kwa mama mdogo, muombe dada asitoke wakati wewe umetoka. Kipimo rahisi: viringisha taulo kuukuu na vipande vya nyama ndani, muachie ukitoka. Akila ukiwa nje, yuko sawa. Asipogusa mpaka urudi, hofu bado imemshinda.

Radi na fataki. Masika, vuli, na usiku wa tarehe 31 Desemba lazima ujiandae, mbwa aliyekaa miezi bila ajali anaweza kukojoa ndani usiku huo na sio kwamba mafunzo yamepotea. Mtoe choo kabla jua halijazama, funga madirisha, shusha mapazia, washa feni na redio, mpeleke chumba cha katikati ya nyumba, ukae nae. Kuna watu wanasema ukimbembeleza unamzidishia woga, hiyo sio kweli, hofu sio tabia unayoilipa, akija kukubana mapajani mkumbatie. Muandikie namba ya simu kwenye mkanda wake maana mbwa wengi wanaruka ukuta usiku huo. Siku za kawaida unaweza kumchezea sauti ya radi kwenye simu kwa chini sanaaa, huku anakula ini, unapandisha kidogo kwa wiki nyingi, akisimamisha masikio au akiacha kula shusha.

Kuna mbwa ambao pamoja na yote haya hawatulii, hawali, hawalali, wanajiumiza. Hao wanahitaji dawa na sio aibu, ubongo uliojaa hofu haupokei mafunzo. Zipo dawa za kila siku zilizothibitishwa kwa mbwa, Marekani waliruhusu klomipramini kwa wasiwasi wa kuachwa mwaka 1998 na fluoksetini mwaka 2007. Haziwi na matokeo kesho, mpe wiki nne mpaka sita hivi ndo uanze kuona, na zinaenda sambamba na mafunzo, zenyewe peke yake hazifundishi choo. Mwambie daktari unamuogeshea kupe na dawa gani, hili watu wengi hawalisemi: dawa za kupe zenye amitrazi, hizi tunazochanganya na maji ya kuogeshea mifugo, haziendi pamoja na hizo dawa za wasiwasi, zinaweza kumletea madhara makubwa. Soma chupa, ukiona amitrazi (huandikwa amitraz) badilisha dawa ya kupe kwanza, na umuulize daktari usubiri muda gani kabla ya kumuanzishia dawa ya wasiwasi. Daktari akitaka kumpa asepromazini peke yake kwa ajili ya fataki muulize kama kuna nyingine, ile inalegeza mwili lakini hofu inabaki ndani, mbwa anasikia kila mlipuko na hawezi kukimbia. Na kabatini kwako usichukue chochote, paracetamol, ibuprofen, diclofenac, zinaweza kuua mbwa.

Akianza kuwa vizuri usimkatishie dawa ghafla eti kapona. Daktari atapunguza dozi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na katika kipindi hicho rudisha ile ratiba ya kutoka kila masaa mawili na kile kidaftari cha kwenye simu. Ajali zikirudi mara mbili tatu ndani ya wiki moja mpigie daktari kabla ya kushusha dozi nyingine.